Maswali na Majibu: Kikombe na Nyundo

Barua za safari hii ni nyingi na karibu zote zina ugonjwa uleule: zinamhoji aliyepigwa na mwenza wake. Alisema nini, alichelewa wapi, mbona bado yupo pale. Aliyepiga anatajwa kwa kupita tu, kama mvua iliyonyesha. Nimechagua chache. Zile zinazoanza na "najua umeshajibu hili, ila..." nimeziweka kando, isipokuwa moja.

*Kama kweli anateswa, mbona haondoki?*

Ndiyo hiyo moja. Aende wapi, na watoto wangapi, kwa hela ya nani? Mtu aliyetenganishwa na ndugu zake kidogo kidogo kwa miaka, ambaye hata kadi yake ya benki haikai mkononi mwake, hafungashi virago kwa siku moja. Halafu kuna woga, na woga wake umeona mbali kuliko swali lako. Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani, na wenzake walichunguza kesi za wanawake waliouawa na waume au wapenzi wao katika miji 11, na matokeo yakatoka 2003. Pale mwanamke alipoachana na mwanamume aliyekuwa akiishi naye na kumtawala kwa kila kitu, hatari ya kuuawa ilipanda karibu mara 9. Kwa hiyo unapomsukuma "ondoka tu", jua unamsukuma kwenye kipindi kibaya kuliko vyote.

Anayetaka kutoka ajipange kimya. Kitambulisho, vyeti vya watoto, dawa, nguo chache na akiba yoyote viwekwe kwenye begi dogo, na begi likae kwa mtu ambaye mume hatamshuku. Namba mbili tatu za simu ziwe kichwani, maana simu ndicho kitu cha kwanza kunyang'anywa. Na jamani, usimwambie katikati ya ugomvi kwamba kesho unaondoka.

*Ni kofi moja tu kwa miaka sita. Huo nao ni ukatili?*

Ndiyo. Na miaka sita yote umekuwa ukiutazama ule mkono kila unapoinuka.

*Ananipiga akiwa amelewa tu. Akiacha pombe si yataisha?*

Pombe huzidisha kipigo, haikianzishi. Swali langu ni hili: huko anakonywea, akishalewa, humpiga nani? Kama hampigi yeyote, basi ameweza kubeba ngumi zake salama mpaka nyumbani. Aache pombe, ni jambo jema kwa ini lake. Wewe usihesabu siku zake bila kunywa kama siku za usalama wako.

*Mimi ni mwanaume. Hasira zinanishinda, nampiga mke wangu kisha nalia. Nifanye nini?*

Umefanya vizuri kuandika, wengi hawathubutu. Ila barua yako ina mstari mmoja ulioupita haraka. Unasema huwa unavua saa kwanza, isije ikavunjika. Kaka, aliyeshindwa na hasira hakumbuki saa. Wewe umekumbuka kufungua mkanda wake, ukaiweka mezani, ukaongeza sauti ya redio, na ngumi ukazielekeza mgongoni ambako nguo hufunika. Yote haya umeyaandika mwenyewe. Bosi wako anakufokea mbele za watu na unamjibu "sawa, mkuu". Breki unazo, tena nzima. Nyumbani huzikanyagi kwa sababu kule hujawahi kulipia chochote.

Kwa hiyo usitafute semina ya kupunguza hasira. Tafuta mpango wa kubadili tabia unaoendeshwa kwa ajili ya watu wanaopiga wenza wao, na wakati unaanza, anayehama nyumba awe wewe. Na yale machozi yapeleke kwingine. Ukilia mbele yake unamlazimisha akubembeleze na mdomo wake bado unatoka damu.

*Alinikaba shingo kwa sekunde chache akaniachia. Hakuna alama. Hospitali si watanishangaa?*

Nenda leo, usisubiri kumaliza kusoma. Kukabwa kunaweza kujeruhi mishipa ya damu na koo kwa ndani, na madhara yakajitokeza saa au siku kadhaa baadaye: sauti kukwaruza, shida ya kumeza, kichwa kuuma, kizunguzungu, kusahausahau. Kuhusu alama, kesi 300 za kukabwa zilipitiwa San Diego, na nusu yake hazikuwa na alama yoyote ya kuonekana. Mwambie daktari kwa maneno haya haya, "nilikabwa shingo", usiseme "tuligombana", na uombe iandikwe kwenye faili. Kuna jambo jingine ambalo hukuuliza lakini lazima ulijue. Utafiti wa Marekani wa 2008 ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake alikuwa na uwezekano wa kuuawa naye zaidi ya mara 7. Ameshakuonyesha anakoweza kufika.

*Watoto hawajui lolote, huwa wamelala.*

Hawalali. Wanajua ni ufunguo wa nani mlangoni na umeingizwa kwa hasira kiasi gani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 1998, wa watu wazima zaidi ya 9,000, uliweka "mama kupigwa" kwenye orodha moja na mtoto mwenyewe kupigwa. Waliopitia mambo manne au zaidi ya orodha ile walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 ya wale ambao hawakupitia lolote.

*Hajawahi kunigusa. Ila mshahara wangu anaushika yeye, simu anasoma, na ndiye anaamua nimtembelee nani.*

Huo ni ukatili, hata kama hauna kovu la kupiga picha. Uingereza na Wales waliufanya kosa la jinai 2015, kifungo hadi miaka mitano. Anza na kitu kimoja kiwe chako asichokijua.

*Mbona humtetei mwanaume anayepigwa?*

Anayepigwa aandike, nitamjibu kama wengine, na ushauri ni uleule pamoja na begi. Ninachokataa ni nyie mnaomkumbuka pale tu barua ya mwanamke inaposomwa.

*Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Kwa nini watu wa nje waingilie ndoa za wenzao?*

Vyombo vikigongana hupata ufa vyote viwili. Hapa kuna kikombe na nyundo. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ni kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa na wenza au ndugu zao, yaani kama 140 kila siku. Shirika la Afya Duniani nalo lilieleza 2013 kwamba wanaofanyiwa ukatili na wenza wao hupata sonona karibu mara mbili ya wengine. Hao wanatibiwa hospitali za watu wote na wanakosekana kazini kwa watu wote, kwa hiyo watu wa nje tumo tayari. Na nyie wapenda suluhu, acheni kuwakalisha wawili hao chumba kimoja mkamwambia mwanamke "haya, sema yanayokusumbua". Akisema, atayalipia njiani wakirudi.

*Nasikia kelele na vishindo ukutani usiku. Mimi jirani nifanyeje?*

Piga simu polisi, usiingie peke yako. Kesho yake mtafute akiwa mwenyewe, mwambie "nilisikia", kisha umuulize anahitaji nini. Usimuulize alifanya nini.

*Nimerudi kwake mara ya tatu. Utanicheka?*

Hapana, dada. Begi bado liko kule ulikoliacha? Kama ulirudi nalo, anza kulitoa tena, cheti kimoja kimoja.