Uliza Ujibiwe: Greda Imepita, Mvua Imekuja, Barabara Ni Ileile

Mwezi huu maswali yenu ni barabara tu, manake mvua ilivyotupiga hapa Malindi hata wale wa kuuliza mambo ya mahari na viwanja wamegeuka wanauliza mitaro. Nimechagua machache. Mengine yalikuwa matusi matupu kwa MCA, yaani mwakilishi wa wodi kwenye bunge la kaunti, hayo nimeyaweka kando, wenyewe mnajielewa.

*

*Shikamoo mzee. Mimi ni bodaboda huku Ganda. Greda ilikuja mwezi wa nne ikamaliza barabara yetu yote siku moja, tukashangilia, haijafika wiki mbili mvua ikapiga na sa hivi ni mashimo yale yale pahali pale pale, yaani hata yamezidi. Kwani pesa imeliwa ama greda yenyewe ni mbovu?*

Marahaba mwanangu. Mambo ya kuliwa tuwaachie wakaguzi, mimi nataka tuzungumze habari ya hilo shimo linalorudi pahali pale pale kwa sababu hapo ndipo palipo na siri yote. Greda ikija kwa haraka inachofanya ni kukwangua mchanga wa juu na kuusukumia kwenye mashimo, kwa macho barabara imelala vizuri kabisa na picha zinapigwa, lakini chini ya ule mchanga laini shimo bado lipo na kitako chake kigumu, mvua ya kwanza maji yanaingia yanakaa, pikipiki mbili tatu na tipa moja zikipita mchanga wote ushatoka, umerudi ulipokuwa. Kazi yenyewe ni kisu cha greda kishuke mpaka chini ya kitako cha shimo, pale pote patifuliwe, kisha ndio barabara ipangwe upya.

Halafu kuna mgongo. Barabara ya maramu, ule udongo wa changarawe, lazima katikati iwe juu na kando chini ili maji yakianguka yasipate pa kukaa, kila mita 1 ukitoka katikati kwenda kando ishuke kama sentimita 5 hivi, kwa hiyo barabara ya upana wa mita 6 katikati iko juu kwa sentimita 15. Nenda kaangalie hiyo yenu. Nyingi huku kwetu ni kinyume, zimekwanguliwa miaka na miaka mpaka zimekuwa chini kuliko mashamba ya kando, mvua ikinyesha barabara ndio mto wenyewe, na kila greda ikipita inazidi kuizamisha. Hapo hata ulete greda kila mwezi unajisumbua, dawa ni kuleta maramu mpya kuinyanyua na kuchimba mitaro ya kutoa maji pembeni.

Na tatu ni maji na rola. Udongo mkavu haushikani hata ukaupitishia rola mchana kutwa. Fundi anayejua kazi anachota udongo mkononi anaufinya, ukishikana bila kumwachia maji kiganjani hiyo ndio saa yake, ukimeguka na kumwagika basi bauza la maji lije kwanza, na ukichuruzika kila mtu arudi nyumbani. Mimi sijui ni mara ngapi mmeona bauza na rola zikifuatana na greda huko, lakini kama ilikuja greda peke yake ikaondoka magharibi, jibu lako ndilo hilo.

Kuna na hili la saa. Mwaka wa fedha wa kaunti unaisha Juni 30, na sisi watu wa pwani masika yetu ni mwezi wa nne mpaka wa sita, mwezi wa tano ndio kilele. Sasa ofisi ikichelewa kupata pesa halafu ikaharakisha kuimaliza kabla mwaka haujafungwa, greda inaangukia katikati ya mvua. Kwa hiyo mkienda kuomba msiombe greda tu, ombeni mitaro na kalvati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, kwanza na kazi ifanyike kabla ya masika ama ikishapita, na mtaje kwa majina pahali maji yanapokatisha barabara, karibu na mwembe gani, kwa shamba la nani. Injinia anakuja siku ya jua, hayaoni hayo maji, nyinyi ndio mnayaona.

*

*Mhariri mie ni mama wa duka hapa mjini. Mbele ya duka langu kuna shimo limekuwa bwawa, wateja wanarushiwa maji machafu na tuktuk. Nikaenda ofisi moja wakasema si yao, nikaenda ya pili wakanirudisha kwa ile ya kwanza. Hii barabara ni ya nani?*

Pole sana mamangu, hiyo safari ya ofisi kwa ofisi wengi tumeipiga. Barabara Kenya zina wenyewe tofauti. Katiba ya 2010 kwenye Jedwali la Nne imesema barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya kitaifa, na barabara za kaunti pamoja na taa za barabarani, maegesho na hata vivuko ni za kaunti. Kwa upande wa kitaifa tayari kulikuwa na sheria ya 2007 iliyounda mamlaka tatu, KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa barabara za mijini na KeRRA kwa za mashambani. Ile barabara kubwa inayotoka Mombasa ikapita Gede ikaingia Malindi ikaenda zake Garsen hiyo ni ya kitaifa, ukimpelekea MCA shimo la pale unamwonea, ingawa yeye mwenyewe wakati wa kampeni huwa hakumbuki kusema si yake. Vichochoro na barabara za ndani ya mitaa nyingi ni za kaunti, na hapa mjini kuna manispaa vilevile.

Sasa usiende tena kwa mdomo. Andika barua, hata kwa mkono, ukurasa mmoja tu. Taja barabara na jengo linalojulikana lililo karibu, eleza shimo lina ukubwa gani na maji yanatoka wapi, weka picha zenye tarehe, moja ukiwa mbali duka lionekane na moja ya karibu. Uliza swali moja kwenye barua hiyo: barabara hii iko chini ya nani na imepangiwa matengenezo lini. Peleka nakala mbili ofisi ya msimamizi wa wodi ama ya barabara ya kaunti, moja wabaki nayo na yako igongwe muhuri wa kupokelewa, bila muhuri usitoke hapo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kukujibu. Zikipita kimya, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala, wengi wanaiita Ombudsman, na hulipi kitu.

Na ukisikia "si yetu" mwambie anayesema akuandikie hivyo. Utashangaa vile watu huanza kukumbuka.

*

*Watoto wetu wanavuka barabara kwenda shule Barani na magari yanakimbia. Tukiweka matuta wenyewe kwa udongo na mawe kuna shida?*

Iko. Bampu la mawe bila alama wala rangi usiku linaua mtu wa pikipiki, na likishaua watatafutwa walioliweka, hapo mzee wa mtaa hatakujua. Na udongo wenyewe masika moja ushakwenda zake, umeziba mtaro. Mwalimu mkuu na kamati ya wazazi waandike barua pamoja kwa mwenye barabara, waombe tuta na kivuko cha watembea kwa miguu na kibao cha shule, barua ya shule ina uzito kuliko ya mtu mmoja.

*

*Mulika mwizi, ile taa ya nguzo ndefu, wa mtaani kwetu Muyeye amekufa kitambo, natoka kazini usiku naogopa. Nimeambiwa nimuulize chifu.*

Chifu utamsumbua bure dadangu, taa za barabarani ni kazi ya kaunti. Lakini kabla hujapiga ripoti nisaidie kitu kimoja, simama mbali uangalie juu. Kama taa zote za ile nguzo zimezima ina maana moto haufiki, ni waya umekatwa ama kuibwa, ni kile kifaa cha kuwasha giza likiingia kimeharibika, ama ni bili. Kama moja ama mbili ndizo zimezima na nyingine zinawaka basi ni balbu tu, ila ya juu hivyo inataka gari la ngazi ndefu ndio maana wanangoja zife nyingi waje mara moja. Ukiripoti sema ni ipi kati ya hizo mbili, na kama nguzo ina namba isome. Fundi akijua anakokwenda anabeba vifaa sawa, asipojua anakuja kuangalia halafu anaondoka "kuleta vifaa" na hapo mwezi umeisha.

*

*Mimi dereva wa tuktuk Maweni. Tunaambiwa kila lita ya petroli tunalipia barabara. Hiyo pesa yangu iko wapi mbona nanunua bushi na springi kila siku?*

Kweli unalipia. Tozo ya matengenezo ya barabara ilikuwa shilingi 18 kwa lita, Julai 2024 ikapanda ikawa 25, ukiweka lita 5 kwa siku wewe peke yako ushatoa 125 kabla hujapata abiria. Inaingia kwa mfuko unaosimamiwa na Kenya Roads Board, wao wanaigawa kwa mamlaka za barabara. Na huko kwenye kugawa ndiko kuna moto, magavana wanasema barabara nyingi ni za kaunti basi nao wapewe fungu, wabunge wanasema zibaki kwa mamlaka za kitaifa, wamevutana mpaka mahakamani. Mimi nipo upande wa magavana kwa hili, barabara unazovunjia bushi wewe ni za mitaani, si ile kuu. Lakini pia nikiona vile kaunti nyingine zinatumia hata kile kidogo zilicho nacho, nanyamaza kidogo.

*

*Jirani kaziba mtaro wa barabara kwa zege apate pa kuegesha gari, mvua ikinyesha maji yote ni kwangu, mpaka magodoro yanaelea. Nikimwambia anasema kila mtu na kwake.*

Kila mtu na kwake lakini mtaro si kwake. Ule ukanda wa kando ya barabara ni hifadhi ya barabara, mali ya umma, ndio maana mwenye barabara akiamka vibaya anakuja na rangi nyekundu anapiga X ukutani. Kuvuka mtaro kuingia kwako unaruhusiwa ukiomba kibali na ukaweka kalvati ya saizi inayofaa, isiyopungua sentimita 60 kwa upana wa tundu, manake ndogo zaidi ya hapo mtu hawezi kuisafisha, chupa tatu na nazi moja imeziba. Malindi yetu hii ni tambarare, maji hayana haraka ya kwenda baharini, yakizuiliwa nyumba moja yanarudi nyumba kumi. Anza na mzee wa mtaa mkazungumze kwa upole mbele ya shahidi, asiposikia peleka barua manispaa na picha ya siku ya mvua, ile ya magodoro hasa. Na tukiwa hapo hapo, mitaro mingi haijazibwa na zege, imezibwa na takataka zetu, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na bado naiona.

*

*Kabro, yale matofali ya zege, za barabara yetu hazijamaliza mwaka na tayari zimezama upande mmoja. Kontrakta keshaondoka. Tumepoteza?*

Hamjapoteza, lakini wahini. Kazi ikikabidhiwa huwa kuna muda wa dhamana, mara nyingi miezi 6 mpaka 12 inategemea mkataba, na sehemu ya pesa ya kontrakta inazuiliwa mpaka muda huo uishe. Kasoro ikionekana ndani yake anarudi kutengeneza kwa gharama yake. Ofisi ikisharuhusu ile pesa ya mwisho ndio basi, mtaingia foleni ya bajeti mpya kama wengine, mpango wa mwaka unaingia bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 na makadirio kabla ya Aprili 30, na vikao vya maoni ya wananchi vikiitwa unakuta ukumbi una viti kuliko watu.

Kabro zikizama upande mmoja mara nyingi ni mchanga wa chini haukushindiliwa, ama maji yameingia kutoka pembeni yakauchukua kwa sababu ukingo wa zege haukuwekwa sawa. Ng'oeni moja pale ilipozama mbele ya afisa wa wodi, si nyinyi peke yenu, aone mwenyewe chini kuna nini. Na leo hii hii mtu apige picha lile bodi la mradi lenye jina la kontrakta, namba ya mkataba na tarehe, manake likishang'olewa likawa mlango wa banda la kuku hakuna atakayekumbuka kazi ilianza lini.