Dola 350 kwa mtu: je, 1,400 zinatutosha wanne?

SWALI: Mimi na mke wangu tunaishi Nyegezi, Mwanza, na tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 5. Tumeona tangazo la meli ya kitalii inayoondoka Durban, Afrika Kusini, kwa usiku 4, "kuanzia dola 350 kwa mtu". Nimezidisha mara nne nikapata dola 1,400. Mke wangu anasema hazitoshi hata kidogo. Nani yuko sahihi? (Baba Wawili, Nyegezi)

JIBU: Kaka, shemeji yuko sahihi. Ila meli yenyewe huenda ikawa chini ya hizo 1,400. Kitakachokumaliza ni kuifikia.

Tuanze na meli. Bei ya tangazo ni ya watu wawili kwenye chumba kimoja, mara nyingi cha ndani kisicho na dirisha. Mtu wa tatu na wa nne wanaolala chumba hichohicho hupunguziwa, na kampuni nyingine hazitozi kitanda cha mtoto kabisa. Lakini mtoto "wa bure" bado analipiwa ushuru wa bandari, na tangazo kwa kawaida halikuambii hilo. Tuchukue mfano tu: wakubwa wawili dola 700, vitanda vya watoto bure, ushuru dola 90 kwa kichwa, jumla 360, bakshishi ya wahudumu dola 12 kwa mkubwa na 6 kwa mtoto kila usiku, jumla 144. Hapo ni 1,204. Bakshishi hiyo si hiari kama ya hotelini kwetu. Huandikwa kwenye bili yako kila siku, utake usitake.

Chakula cha migahawa ya kawaida kimo kwenye bei. Soda, bia na intaneti kwa kawaida havimo, na hapa ndipo wageni wa meli huumia. Ndani hulipi taslimu. Unapewa kadi ileile inayofungua mlango wa chumba, unaigusisha baa, dukani, kwenye michezo ya watoto, na hesabu unaiona asubuhi ya kushuka. Siku ya kwanza nenda mapokezi uombe kadi za watoto zifungwe zisinunue kitu. Pia uliza kama unaweza kuweka amana ya taslimu. Ukitoa kadi ya benki ya akiba, meli inazuia kiasi fulani kwenye akaunti yako, na kiasi hicho kinaweza kukaa siku kadhaa baada ya safari kabla hakijaachiwa. Utakuwa umefika nyumbani na hela huzioni.

Simu nazo zizimeni data kabla nanga haijang'olewa. Mtandao wa meli unapita kwenye setilaiti, na bando lako la Mwanza halina kazi huko.

Sasa barabara ya kuifikia. Mwanza hadi Dar, Dar hadi Johannesburg, Johannesburg hadi Durban, na kurudi, mara nne, kwa sababu mtoto akishafikisha miaka 2 anakaa kiti chake na kukilipia. Mara nyingi tiketi hizi huzidi bei ya meli. Ongeza usiku mmoja wa hoteli Durban kabla ya safari. Usithubutu kupanga kufika siku ileile: ndege ikichelewa meli haikungoji, wala hela hairudi. Bima ya safari inunueni mapema; zahanati ya melini inatoza, na kadi ya bima ya nyumbani msiitegemee huko.

Pasipoti ni Sh150,000 kila mmoja, watoto wakiwemo, yaani Sh600,000 kabla hamjagusa meli. Hata hivyo Durban ni chaguo zuri, maana Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi Afrika Kusini. Mngechagua meli ya Barcelona, Hispania, ada ya viza peke yake ingekuwa euro 90 kwa kila mkubwa na 45 kwa huyo wa miaka 9 (wa miaka 5 halipi), na tena iwe ya kuingia zaidi ya mara moja kama meli inatoka nje ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na kurudi.

Kwa tarehe, ukwepe Krismasi na Mwaka Mpya, bei hupaa. Ulizia mwanzoni mwa Desemba, mara tu shule zetu zinapofunga. Mwambie wakala akuandikie bei ya mwisho ya watu wanne, ushuru na bakshishi ndani, na tarehe ya kumalizia malipo, ambayo kwa kawaida ni miezi miwili mitatu kabla ya kuondoka. Kibubu chako kipangie tarehe hiyo, si ya safari. Mshahara ni wa shilingi na bei ni ya dola, basi acha asilimia 10 ya akiba kwa ajili ya kupanda kwa dola. Mkopo kwa safari hii mimi sishauri.

Na kabla ya kulipa amana, pandeni Mv Victoria usiku mmoja hadi Bukoba, daraja lenye vyumba. Ziwa si bahari, lakini mdogo akitapika kabla ya Kemondo, bandari ya kabla ya Bukoba, mtajua mapema, na kwa nauli ndogo.