Gari la zamani la kushukia Kericho litie DOT 4

Wenye magari ya zamani hapa Nakuru tunaweza kubishana kuhusu oili ya injini kuanzia asubuhi hadi chai ya saa kumi. Ikifika zamu ya mafuta ya breki, mtu huyo huyo anamtuma kijana dukani, "Niletee breki fluidi," bila kusema ipi. Analetewa chupa yoyote iliyokuwa karibu na mkono wa mwenye duka.

Mimi naendesha MGB GT ya mwaka 1969, gari la michezo la Kiingereza. Breki zake ni za Lockheed: disiki mbele, drami nyuma, na masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, yenye mkondo mmoja tu. Maana yake, mafuta yakichemka au hosi moja ikipasuka, magurudumu yote manne hayana breki kwa mpigo. Unabaki na handibreki ya waya, gia na dua. Magari ya siku hizi yana mikondo miwili. Haya yetu mengi hayana msamaha huo. Kwa hivyo msimamo wangu nautoa mapema: gari la michezo la zamani linaloendeshwa kweli, si la kufunikwa turubai, litie mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 ya kawaida, mapya, na uyabadilishe kila mwaka. Mafuta ya silikoni, yaani DOT 5, waachie wenye magari ya maonyesho.

Sababu zangu ziko kwenye miteremko yetu. Nikienda Kisumu napanda hadi Mau Summit, napita Kericho, kisha nateremka hadi Awasi na Ahero kwenye joto la uwanda wa Kano. Ukirudi, kuna ule mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa, ambao sina haja ya kuusimulia kwa Mkenya yeyote. Huko disiki hupata moto, moto huingia kwenye kalipa, ile sehemu inayobana disiki, na kalipa huupeleka kwenye mafuta. Mafuta yakichemka hutoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea, kwa hivyo unakanyaga pedali na inazama hadi chini kama hakuna kitu.

Tena mara nyingi haizami ukiwa mbioni. Inazama baada ya kusimama. Umeteremka vizuri, ukaegesha kando kununua mahindi ya kuchoma, na kwa kuwa hakuna tena upepo wa kupoza disiki, joto lote linahamia kwenye kalipa. Ukiondoka dakika chache baadaye, pedali si ile uliyoiacha. Kabla ya kuingia barabarani tena, kanyaga breki mara mbili ukiwa umesimama uisikie mguuni.

Sasa namba. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 ni 230, DOT 5.1 ni 260. Hapo ndipo wengi wanapoishia kusoma. Lakini aina hizi tatu zote hunywa unyevu kutoka hewani, hata kupitia mipira ya hosi na kile kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya breki. Maji yakifika asilimia 3.7, kiwango kinaruhusu DOT 3 ichemke kwenye nyuzi 140, DOT 4 kwenye 155 na DOT 5.1 kwenye 180. Ndiyo maana DOT 4 ya mwezi uliopita inaishinda 5.1 iliyokaa miaka mitatu ndani ya gari lililolala Milimani, Kisumu, na ule unyevu wa ziwa. Aina hizi tatu zinaweza kuchanganyika bila madhara, ingawa sioni sababu ya kufanya hivyo.

DOT 5 ni kitu kingine kabisa, licha ya kufanana jina na 5.1. Hiyo ni silikoni, kwa kawaida hutiwa rangi ya zambarau, na isichanganywe na nyingine hata tone. Ina sifa zake: hailambi rangi ya gari na hainywi maji. Jeshi la Marekani liliipenda kwa magari yanayokaa ghalani. Lakini maji hayakosi njia ya kuingia, na yakishaingia hayasambai, yanatuama sehemu ya chini kabisa, ndani ya kalipa au silinda ya gurudumu. Pale yanatafuna chuma, na yanachemka kama maji yoyote. Pia silikoni hushika vipovu vya hewa, pedali inakuwa laini laini. Mimi pedali laini siitaki nikiwa nyuma ya trela la miwa.

Ukinunua gari la zamani usiamini maneno ya aliyekuuzia, wala rangi, maana ile zambarau hupauka na miaka. Vuta mafuta kidogo kwenye kopo kwa sindano, uyamwage kwenye glasi ya maji, ukoroge. Yakiyeyuka na kupotea, ni jamii ya DOT 3 na 4. Endelea kwa amani. Yakijitenga na kuelea, ama ni silikoni ama mtu alitia oili, na usitie kitu juu yake. Oili ya stearingi au ya injini huvimbisha mipira ya breki ikawa laini na kunata. Nimeona masta silinda ya jirani ikifunguliwa, kikombe cha mpira kimekuwa kinene hadi kimeziba tundu la kurudishia mafuta, breki zikawa zinashika zenyewe. Hapo dawa ni kufungua kila kitu, kusafisha paipu na kubadilisha mipira yote pamoja na hosi.

Dukani nunua chupa ndogo ya nusu lita, yenye karatasi ya kuziba mdomoni ambayo haijaguswa, na utazame stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Ile lita iliyo wazi chini ya meza ya fundi, hata kama ni ya bure, mshukuru na umwachie.

Kubadilisha ni kazi ya watu wawili. Nyonya yale ya zamani kwenye kopo, yawe yamefika rangi ya turungi au la, jaza mapya, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani unatoka kwenye nati ya kutolea mafuta pale gurudumuni na kwenda kwenye chupa ya jemu. Fundi wangu yuko chini ya gari anaita, "Kanyaga, mzee. Shika hapo hapo!" Anafungua nati, yanatoka, anafunga. "Achia pole pole." Yaliyotoka yasirudishwe. Na weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike mwisho kabisa, kwa sababu kwenye masta silinda kuukuu ile sehemu ambayo pistoni haifiki kila siku ina kutu, na kutu hukata mpira. Yakimwagikia bodi, mwagia maji mengi papo hapo. Ukipangusa na kitambaa kikavu unaisambaza hasara.

Klachi ya MGB nayo inaendeshwa na mafuta hayo hayo, na kopo lake liko ubavuni mwa lile la breki. Ibadilishe siku hiyo hiyo. Ukiwa umeinama pale, angalia kisanduku cha chuma cha pedali chini ya makopo hayo. Rangi yake ikiwa imeumuka na kubanduka, usimlaumu aliyepiga rangi: moja ya masta silinda inavuja, na seti ya mipira iagizwe kabla hujapanga safari nyingine ya Kisumu.