Vidonge, jeli au sindano: jibu kwa mwenye kisukari aliyeuliza dawa ya nguvu za kiume

Waalaikumu salaam, yakhe. Umesema una miaka arubaini na kitu, kisukari unacho, na dawa ya presha unameza kila asubuhi. Mwenzio wa maskani kakwambia jeli ya pakiti ni nyepesi kuliko kidonge, mwengine kakutajia sindano, na daktari wa huko Chake kakuandikia vidonge tu, ukaona kama kakupunja. Mimi ni mtu wa makamo, mzaliwa wa Wete nakaa Mjini, na kisukari ninacho. Vidonge vya aina mbili na sindano nimevitumia. Jeli sikuitaka, na sababu nakupa.

Ndani ya hizo jeli huwa mna sildenafili, ile ile iliyomo kwenye kidonge cha buluu, Viagra. Utamu wa chungwa au ndizi haupunguzi kitu. Ukiisoma pakiti yenyewe, mara nyingi utakuta imeandikwa miligramu 100, na hicho ndicho kipimo cha juu kabisa. Kidonge kinapatikana cha 25, cha 50 na cha 100, na mtu anayeanza kwa kawaida huanzishwa na 50, au 25 akiwa mzee au ana maradhi mengine. Sasa wewe mwenye presha unaanzaje na 100, tena katika kitu ambacho huwezi kukigawa ukajua umekula kiasi gani? Wanaosema inafanya kazi haraka kwa kuwa haitafunwi wanasahau kuwa ukishaimeza nayo inapita tumbo lile lile. Jeli ina faida kwa asiyeweza kumeza vidonge. Wewe unameza vya sukari na presha kila siku, hiyo si shida yako.

Kwa hivyo mimi nisingeanza na umbo. Ningeanza na kuuliza dawa gani imo ndani, halafu maisha yako yanakwendaje.

Sildenafili hutaka miadi. Unaimeza kama saa moja kabla, inakaa mwilini saa nne mpaka sita, na haipatani na chakula cha mafuta. Hapa ndipo wengi wetu tunapoilaumu bure. Mtu kala biriani la harusi, au kafuturu muhogo wa nazi na sambusa juu yake, kisha anameza kidonge na kusubiri. Mafuta yanaichelewesha dawa kwa muda kama wa saa nzima na kuipunguza makali, naye asubuhi anahadithia barazani kuwa kauziwa chokaa. Mwezi wa Ramadhani mimi nilikuwa nikifuturu tende na uji, naswali tarawehe, kidonge baadaye, na chakula kizito nakiacha kwa daku. Mke wangu akicheka kuwa nimekuwa mchamungu wa tumbo. Tena ujue haisimamishi kitu peke yake: bila ya matamanio utakaa na kidonge chako tumboni na kichwa kinakuuma. Kichwa, uso kuwaka, pua kuziba na kiungulia ndiyo maudhi yake ya kawaida, na wengine huona vitu vina rangi ya buluu kwa muda.

Tadalafili, kile kidonge cha aina ya pili, ni mtu mwengine kabisa. Chakula haikijali, na nguvu yake hufika mpaka saa 36, ndiyo ukasikia watu wanaiita kidonge cha wikiendi. Kipo cha miligramu 10 na 20 cha kumeza siku unayotaka, na kipo kidogo, cha 2.5 au 5, cha kumeza kila siku kwa saa ile ile. Mimi nimetulia kwenye hicho cha kila siku. Kinachonipendeza ni kwamba hakuna tena kuangalia saa wala kumfanya mwenzako ajue sasa umemeza. Kitu kinakuja chenyewe kama zamani, na Ramadhani nakimeza pamoja na daku. Miligramu 5 za kila siku zinatumika pia kwa tezi dume iliyovimba, kwa hivyo kama usiku unaamka amka kwenda chooni, mwambie daktari, huenda ukaua ndege wawili. Ubaya wake ni maumivu ya mgongo na misuli, kwangu yalikuwa ya mwanzo tu, na gharama ya kununua kila mwezi.

Sindano sasa. Ile ya alprostadili unajidunga ubavuni mwa uume, kwa sindano nyembamba sana, na ndani ya dakika 5 mpaka 20 uume umeshasimama, utake usitake, maana haisubiri matamanio. Kwa sisi wa kisukari, ambao mishipa ya fahamu imeshachoka na vidonge wakati mwengine havitoshi, ni msaada wa kweli. Nami niliitumia wakati sukari yangu ilikuwa juu sana na vidonge havifui dafu. Inauma kidogo, zaidi baada ya dawa kuingia kuliko sindano yenyewe. Lakini dozi ya kwanza upewe mbele ya daktari, akuoneshe pahala, na isizidi mara tatu kwa wiki, wala mara mbili ndani ya siku moja. Uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, hiyo ni dharura ya hospitali usiku huo huo, si ya kusubiri kuche. Ndiyo maana mtu aliyeko Micheweni ndani ndani, asiye na chombo cha usafiri, ningemwambia afikiri mara mbili. Nyengine zinataka friji pia, na umeme wetu unaujua.

Jambo ambalo halina mjadala: kama unatumia dawa za moyo zenye nitreti, vile vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana au isosobaidi, basi sildenafili na tadalafili zote mbili ni haramu kwako. Presha inaporomoka na mtu anaweza kufa. Na ukishameza, kisha kifua kikakushika, usione haya, mwambie daktari umekula nini na saa ngapi, kwa sababu hapaswi kukupa nitreti mpaka zipite saa 24 kwa sildenafili na 48 kwa tadalafili. Dawa za tezi dume kama tamsulosini, na baadhi ya za presha, nazo zinataka hesabu ya kipimo. Na balungi liache siku hiyo, linaongeza dawa kwenye damu.

Asali za vipakiti wanazosema ni za mitishamba usizisogelee. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa baadhi yake zimekutwa na sildenafili au tadalafili zilizofichwa, yaani unakula dawa usiyojua kipimo chake. Supu ya pweza kunywa, ni tamu, ila ni supu.

Kwa hiyo daktari wako hakukupunja. Kama mnakutana mara moja moja na unaweza kupanga chakula, sildenafili 50 inakutosha kuanzia, na haina gharama kubwa. Kama ni mara mbili tatu kwa wiki, muulize tadalafili ya kila siku. Usiseme dawa imeshindwa kwa usiku mmoja: madaktari wanataka uijaribu mara sita mpaka nane, kwa kipimo sahihi na tumbo jepesi, kabla ya kuhamia sindano. Na ukirudi kwake omba kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, na mafuta ya damu, kwa sababu mishipa ya huko chini ni myembamba na huziba mapema kuliko ya moyo.

Hiyo dawa ya presha hukuitaja jina. Piga picha boksi uliweke hapa, au bora zaidi lipeleke kwa mfamasia kabla hujanunua chochote.