Usukani unatetemeka, tairodi zinasingiziwa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1999, gari aliloniachia baba. Nikitoka Kibaha kwenda Chalinze, spidi ikifika 90 usukani unaanza kutetemeka mikononi. Nikizidi 105 unatulia. Nimebadilisha tairodi zote mbili (vile vyuma vinavyosukuma magurudumu yakate kona), nimepiga alaimenti (kunyoosha magurudumu) mara mbili, wapi! Balansi ya magurudumu, yaani kusawazisha uzito wake, nayo mashine ilisoma sifuri. Sasa naambiwa ninunue stelingi raki, ule mtambo wa usukani unaogeuza magurudumu. Gari lenyewe halina kipya zaidi ya rimu za spoti nilizofunga mwezi wa tatu.
Mwalimu, Kibaha

JIBU: Marahaba mwanangu. Raki usinunue. Na hilo ulilolitaja mwisho ndilo ningelikuuliza kwanza.

Tairodi iliyolegea haichagui spidi, hugonga kwenye mashimo hata ukitembea 20. Alaimenti ni dawa ya gari linalovuta upande au kula tairi pembeni. Mtetemo unaokuja 90 na kuondoka 105 mara nyingi unatoka kwenye tairi na rimu. Kwa spidi 90 tairi lako linazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Gramu 20 tu zikizidi ukingoni mwa rimu, kwa mwendo huo zinavuta kama kilo mbili na nusu, na mikono yako ndiyo inayopokea.

Mashine haikusema uongo. Inalishika rimu kwa tundu la katikati. Habu ya Corolla yako, ile sehemu ya katikati inayobeba gurudumu, ina kipenyo cha milimita 54.1, lakini rimu nyingi za spoti hutobolewa tundu kubwa, hata 73.1, ziingie kwenye magari ya kila aina. Kwenye gari rimu haikai tena juu ya habu, inaning'inia kwenye nati nne. Nati zikikazwa gari likiwa limeshashuka chini, rimu inakaa upande kidogo, na balansi yote inapotea.

Kama rimu za zamani bado ziko stoo, zirudishe na tairi zake, uende hadi Mlandizi na kurudi. Usukani ukitulia, tafuta ringi za kujaza ile nafasi, halafu nati zikazwe kwa mtindo wa msalaba, moja kisha ya mkabala wake, kidogo kidogo, gurudumu likiwa bado hewani. Ukiendelea kutetemeka, hamishia za mbele nyuma. Mtetemo ukihamia kwenye kiti, ni tairi au rimu iliyopinda. Pitisha kiganja kwenye tairi kutafuta uvimbe. Ukiupata, tairi hilo usilitembelee tena. Soma na tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi la umri huo mimi nalitoa hata kama kashata zake, yale meno ya kukanyagia, zimejaa.

Nami nimewahi kuaibika. Masika moja nilimbadilishia mteja mwenye Toyota Corona boljointi na tairodi, usukani ukabaki vilevile. Kijana wa kuosha magari ndiye aliyeingiza mkono nyuma ya rimu akatoa donge la tope lililokauka, kubwa kama andazi. Mteja alikuwa amesimama pale pale. Pesa ya ufundi nilimrudishia; spea zilishafungwa, tungefanyaje.

SWALI: Noah yangu inatetemeka nikikanyaga breki tu, hasa nikishuka mlima Kitonga. Ni balansi?
Dereva, Iringa

JIBU: Hapana, kaka, hizo ni diski za mbele. Unene wake haulingani tena, kila mzunguko pedi inapanda na kushuka. Mwambie fundi apime: kiwango cha chini cha unene kwa kawaida kimegongwa kwenye diski yenyewe. Zikiwa bado nene zikakerezwe, zikiwa zimefika mwisho nunua mbili kwa pamoja. Na Kitonga shuka na gia ya 2. Breki gusa, achia, gusa, usiikalie kuanzia juu hadi chini.