DNA iliyozongwa husomwaje?
Umeuliza jeni inasomwaje ilhali DNA imezongwa kwenye histoni, yaani protini ambazo uzi wa DNA huzizunguka. Haisomwi mpaka njia ifunguliwe, na vipo vimeng'enya vya kazi hiyo hasa.

Tazama nukleosomu moja, yaani fundo moja la DNA na histoni, kwa karibu: jozi besi (jozi za "herufi" za DNA) 147 hivi zimezunguka histoni 8, hazifiki hata mizunguko miwili. Kimeng'enya cha kundi la SWI/SNF hulishika fundo hilo, hutumia nguvu ya ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli), na kuivuta DNA hatua kwa hatua, takriban jozi besi moja kwa kila ATP. Hapo ndipo penye uhondo wenyewe: DNA haikatwi. Inateleza juu ya histoni, na kipande kilichokuwa kimefichika kinajitokeza nje. Mara nyingine histoni zenyewe hung'olewa kabisa.

Kuna pia vimeng'enya vinavyobandika asetili, kikundi kidogo cha kemikali, kwenye mikia ya histoni. Asetili hiyo huondoa chaji chanya ya lisini, asidi amino iliyo kwenye mikia hiyo, na hapo mshiko wa histoni kwa DNA, ambayo ni hasi, unalegea. Wengi huyachanganya makundi haya. Hili la pili halichomi ATP. Na kazi ya SWI/SNF si jambo dogo: karibu saratani 1 kati ya 5 za binadamu ina kasoro kwenye jeni za SWI/SNF.