Mkono umeteguka? Usikimbilie kuchua

Pole ndugu. Umesema uliteleza juzi ukajikinga kwa kiganja, na sasa kifundo cha mkono kimevimba ila vidole vinacheza. Huenda ni kano zimevutika. Kuchuliwa na maji moto acha kwanza, vitaongeza uvimbe. Vua pete, weka barafu ndani ya kitambaa dakika 15 mara kadhaa kwa siku, funga bandeji bila kukaza, inua mkono.

Kinachonitia wasiwasi ni kile kishimo kinachojitokeza chini ya dole gumba, upande wa mgongo wa mkono, ukilinyoosha dole hilo. Kibonyeze. Kikiuma, kapige eksirei: kifupa cha pale kikivunjika hufanana kabisa na kuteguka, na picha ya kwanza huweza isionyeshe ufa, hivyo hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Vidole vikifa ganzi, nenda leo hii.